Swali la Tatu

Sauti ilikuwa ya Bi Mize, lakini midomo yake haikutikisika.

"Msijisumbue, wanangu," ilisema. "Mie nimeshakula chumvi ya kutosha. Niacheni nipumzike."

Ilitoka kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, kisanduku kisichozidi kopo la majani ya chai. Bi Mize binti Faki mwenyewe alikuwa amelala pale pale, kinyago cha hewa usoni, mguu wa kulia umefunikwa shuka iliyoinuliwa na tao la waya ili isimguse. Kidonda cha sukari kilikuwa kimemla mpaka chini ya goti. Alikuwa katika usingizi wa dawa tangu juzi, na daktari alikuwa ameuliza kama mguu ukatwe.

Binti yake, Saumu, alishika ukingo wa kitanda.

"Huyo ni mama," alisema. "Yallah, huyo ni mama anasema."

"Ni Wakili wake," alisema Daktari Suwedi. "Mama amelala. Wakili anasema ambalo mama angelisema."

Kwenye kioo nilichoshika mkononi palitokea namba: uhakika, asilimia tisini na nne. Tisini ilitosha. Daktari aliitazama, akanitazama mimi, akavuta fomu ya mapumziko. Hiyo ndiyo fomu tunayojaza mgonjwa anapokataa tiba: dawa ya maumivu, mtu wa kumshika mkono, basi.

Mimi ni msikilizaji. Niliingia hospitali hii kutengeneza vifaa vya masikio vya wazee, na mengine nikajifunza kwa kusoma na kwa kuharibu. Miaka minane sasa chumba cha Mawakili kiko chini yangu. Kila anayefika miaka sitini huvalishwa kikuku cha mkononi. Kikuku husikiliza miaka miwili: anachokula na anachokirudisha, anayemsamehe na asiyemsamehe, anachoogopa anapokohoa. Kwa hayo hujengwa Wakili, ili siku mtu asipoweza kusema, pawe na wa kumsemea. Zamani ndugu walikuwa wakikisia, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Nilikipenda kifaa hiki. Sisemi hivyo kujitetea, nasema kwa sababu ni kweli.

Saumu hakujua kanuni. Ama hakuambiwa, ama aliambiwa na hakusikia. Alikiinamia kisanduku, akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni pa jiko:

"Lakini mama, hata kujaribu kidogo?"

"Nimesema msijisumbue. Una watoto wewe. Una kazi zako."

Namba ikashuka. Sabini na moja.

Nilidhani kioo kimeharibika. Nikakifuta kwa upindo wa buibui. Sabini na moja ilibaki pale pale. Katika miaka minane sikuwahi kuona namba ya Wakili ikibadilika, na nilihitaji muda kidogo kuelewa kwa nini. Sikuwahi kuona kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza mara ya pili.

Daktari Suwedi alikizima kisanduku. "Saumu, hilo haliruhusiwi. Samahani."

"Kumsemesha mama yangu hakuruhusiwi?"

"Kumwuliza tena hakuruhusiwi."

* * *

Tulitoka tukaenda ukumbini, mimi na daktari.

"Umeiona," nilimwambia.

"Nimeiona. Ndiyo maana kanuni ipo." Daktari Suwedi ni mtu wa maneno machache, na anapokasirika hushusha sauti badala ya kuipandisha. "Ukimsukuma Wakili, anasukumika kama mtu. Kabla ya Mawakili na Kanuni ya Swali Moja nilikuwa na mgonjwa, baba mtu mzima. Wanawe walimwuliza mara kumi na moja. Kumi na moja alikataa. Ya kumi na mbili akasema haya, fanyeni, ili wanyamaze. Nikafanya. Akakaa kwenye mashine miezi mitano akinitazama. Hakuwa na nguvu ya kuniambia kitu, alinitazama tu. Hapana ni hapana, Maua."

"Nakubaliana nawe."

"Basi?"

"Sijui kama ile ilikuwa hapana."

Aliitazama saa yake. Mtu mwingine angenicheka. "Sumu ya mguu inapanda," alisema mwishowe. "Ikifika alasiri sitakuwa na cha kukata wala cha kuuliza."

"Nipe mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri. Na usimguse Wakili."

* * *

Chumba cha Mawakili hakina dirisha. Kina meza, kiti, na spika mbili nzuri kuliko zote kisiwani. Nilifungua masikilizo ya kikuku cha Bi Mize na kutafuta neno moja tu, *msijisumbue*, pamoja na ndugu zake: *usijisumbue*, *wacheni*, *ah, ya nini*. Yakaja mia mbili na kumi na mawili. Nikaanza la kwanza.

Ni nyumbani kwa jirani. Vikombe vinagongana.

"Bi Mize, chai."

"Usijisumbue, n'shakunywa."

"Kidogo tu."

"Ah, mwanangu, wacha."

"Bi Mize bwana! Chai n'shaimimina, niimwage?"

"Haya basi. Nusu kikombe."

Kisha nikamsikia akinywa. Alikunywa vikombe viwili na akaomba sukari, ambayo alikatazwa.

La pili, wali wa nazi. La tatu, kiti cha mbele msibani. La nne, doti ya kanga aliyoletewa na mtoto wa dada yake. Alikataa, akakataa, akapokea, na wiki ile ile nikamsikia akimwambia mtu, "Hii? Nimeletewa," kwa sauti ya mwali. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Baada ya sitini niliacha kuandika, kwa sababu mkono ulikuwa unaandika kitu kile kile.

Lakini palikuwa na mengine, arubaini na kidogo, ambayo aliulizwa mara moja tu. Mojawapo ni la arusini. Kijana fulani mwenye haraka alimwuliza kama atabaki kula. Akasema wasijisumbue. Kijana akasema haya bibi, akaenda zake. Bi Mize alirudi nyumbani kwa miguu, na kikuku kikasikia mlango, kikasikia mfuniko, kisha kikasikia kijiko kikikwangua sufuria tupu kwa muda mrefu.

Hakumsimulia mtu.

Nikatafuta upande wa pili: je, hajui kukataa? Anajua sana. Tajiri mmoja alitaka kuivunja tanuri yake ya udongo, ile anayookea mikate ya ajemi, amwekee ya umeme. "Sitaki," alisema Bi Mize. Binamu yake alitaka ahamie mjini akae ghorofani. "Siendi." Neno moja, halina vazi juu yake, na aliposhikiliwa mara ya pili akasema lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Bi Mize asipotaka kitu husema. Akikitaka ndipo anaposema msijisumbue.

Nilizima spika.

Kwa saa mbili nilikuwa nikitafuta kosa la Wakili, na kosa halikuwepo. Wakili alijifunza kwa Bi Mize kila kitu, na adabu yake pia. Tulimwuliza kama mgeni anavyoulizwa mlangoni, naye akajibu kama mungwana. Alikuwa anasubiri tumkaribishe tena, nasi tukamfungia mlango.

Na sisi tulioandika kanuni si wageni. Ni watu wa hapa hapa. Hakuna kati yetu anayethubutu kumpa mtu chai kwa kumwuliza mara moja, tungezungumzwa mtaa mzima. Lakini hospitalini tulivua adabu pamoja na viatu, tukaviacha mlangoni.

Nyuma ya wazo hilo lilikuwepo jingine. Nililiona linakuja. Nikainuka, nikazima taa, nikatoka kabla halijafika.

* * *

Daktari Suwedi alisikiliza la chai akatabasamu. Alisikiliza la sufuria akaacha kutabasamu.

"Unataka nimwulize Wakili mara ya tatu," alisema.

"Hapana. Akisema ndiyo, utasema umemvuta. Na mimi nitajiuliza hivyo hivyo maisha yangu yote."

"Basi unataka nini?"

"Mwamshe yeye."

Aliweka kalamu chini. "Maua, unajua unachokisema? Nikiondoa dawa, ule mguu unamrudia wote. Atakuwa na dakika sita, saba, na hizo dakika ni moto. Moyo unaweza kusimama mbele ya mwanawe. Wakili alitengenezwa ili tusimfanyie mtu jambo hili tena. Na pengine atasema yale yale, na nitakuwa nimemtesa bure kwa ajili ya chai."

Yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Nilifikiria kidonda, nikafikiria sufuria, na sikuweza kupima kipi kizito.

Sheria inaruhusu mgonjwa kuamshwa kama ndugu wa karibu akiomba kwa maandishi. Tulimwendea Saumu. Daktari alimweleza bila kupunguza neno: maumivu, moyo, uwezekano wa jibu lile lile. Nami nilimweleza nilichosikia. Alisikiliza akiwa ameuma ncha ya ushungi.

"Siku ya ndoa yake," alisema, "walikwenda kumwuliza chumbani kama ameridhia. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Wanawake wakaanza vigelegele, si wanasema kimya ni radhi? Mama akafunua kanga usoni akawaambia: nyamazeni huko, sijaulizwa ya tatu!" Alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati. "Mpaka leo Wete nzima wanamtania. Mwamsheni. Nipeni hiyo karatasi."

* * *

Dawa ilipunguzwa saa saba na robo. Daktari alimwondolea kinyago cha usoni, akamwekea mirija myembamba puani, ili mdomo uwe huru.

Kwanza vidole vikakamata shuka. Kisha uso ukakunjika, ukakunjika zaidi, na sauti ikatoka ambayo haikuwa neno. Saumu aligeukia ukuta. Mimi sikugeuka. Niliona ni haki nitazame.

"Bi Mize," alisema Daktari Suwedi. "Unanisikia?"

"Nasikia." Pumzi ndogo. "Kinaniwaka, mwanangu."

"Najua. Nisamehe. Mguu wako umeoza na sumu inapanda. Unaridhia ukatwe mguu wa kulia ili kuokoa maisha yako?"

Ndivyo fomu inavyosema, na ndivyo alivyosoma. Bi Mize alifumba macho.

"Msijisumbue," alisema.

Sauti ilikuwa ile ile ya kisanduku, kwa pumzi ile ile. Nilisikia Saumu akivuta hewa. Kwenye mashine, msukumo wa damu ulikuwa unashuka: themanini, sabini na nne.

Daktari alilamba midomo. "Tukikata, utaishi, lakini utatembelea mguu wa bandia au magongo, na mazoezi yake ni marefu. Tusipokata, utalala na hutaamka. Tutahakikisha huumii. Lolote utakalo tutalifanya. Unataka lipi?"

"Wagonjwa wengi mnao," alisema Bi Mize. Jasho lilikuwa linaingia masikioni. "Vijana. Wa... wacheni."

Sitini na nane. Mkono wa daktari ulikwenda kwenye bomba la dawa ya usingizi ukasimama hapo. Alinitazama. Sijawahi kuona mtu mzima akiomba msaada kwa macho namna ile. Lakini ningefungua kinywa, jibu lingekuwa langu. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma.

Alimfikiria yule baba wa mashine, nina hakika. Kisha akatoa mkono kwenye bomba, akaivuta stuli, akakaa. Tangu nianze kazi sikuwahi kumwona akikaa mbele ya mgonjwa. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Bi Mize.

"Bi Mize," alisema, na sauti ilikuwa nyingine, ya nyumbani kwao. "Kwetu hapana taabu. Kitanda kipo, watu wapo, kisu kiko tayari, na siku yangu nzima ni yako. Ukiniambia sitaki, n'taondoka na sitauliza tena. Lakini ukitaka, karibu."

Macho yalifunguka. Yalimtafuta, yakampata.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Mguu tu?"

"Mguu tu."

Alifikiri. Katikati ya moto ule alifikiri, na mashine ikasoma sitini na mbili.

"Mkate naukanda kwa mikono," alisema Bi Mize. "Kateni."

Saumu alipiga yowe, akajiziba mdomo kwa ushungi. Daktari alishafungua bomba. Dawa ilikuwa inaingia, na uso wa Bi Mize ulianza kulegea, lakini hakuwa amemaliza.

"Nawe daktari," alisema, ulimi ukiwa mzito. "Mara ya kwanza... umeniuliza kama mtu anayefunga mlango."

Akalala.

* * *

Walimpeleka chumba cha upasuaji. Saumu alikwenda kuswali. Mimi nilikuwa sina kazi, na wazo lile nililolikimbia lilikuwa limekaa kwenye kiti changu linanisubiri.

Nilifungua chumba, nikawasha taa, nikafungua orodha ya waliopumzishwa kwa neno la Mawakili wao. Watu mia mbili na kumi na tisa. Mawakili wa waliokufa hatuwafuti, sheria inataka wahifadhiwe miaka kumi.

Jina la kwanza ni la Mzee Shaame, fundi wa saa. Namkumbuka vizuri kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza, na kwa sababu swali lake nililisoma mimi, daktari akiwa kando. Alikuwa na maji kwenye mapafu, akahitaji wiki tatu za mashine ya pumzi. Wakili wake alisema wasijisumbue, asilimia tisini na sita. Daktari Suwedi alisaini. Mkewe alitushukuru. Arubaini ilipopita, alituletea maandazi.

Nilijiambia kuwa huyu si Shaame, kwamba ni hesabu ya maneno yake tu, kwamba hakuna litakalobadilika. Kisha nikamfungua, nikamsomea swali lile la zamani kama nilivyolisoma siku ile, neno kwa neno.

"Msijisumbue," alisema Mzee Shaame, kwa ile sauti yake ya puani. "Vijana wana kazi."

Tisini na sita.

Nikamwuliza tena. Nilieleza mashine ni ya nini, na wiki ni ngapi.

"Ah, mwanangu. Mashine hizo wawekeeni watoto."

Sitini na tisa.

Mlango ulifunguliwa nyuma yangu. Alikuwa Daktari Suwedi, bado na kofia ya upasuaji kichwani, amekuja kunipa habari za Bi Mize. "Yuko salama," alisema. "Damu imetulia. Nadhani..." Akaona kilichokuwa kwenye kioo.

Ningeweza kuacha hapo. Sijui kama ningeacha ingekuwa ni huruma au woga, na sijui huruma hiyo ingekuwa ya nani.

"Mzee Shaame," nilisema, "kwetu hapana taabu. Mashine ipo, na watu wapo. Ukisema hutaki, sitakuuliza tena. Lakini ukitaka, karibu."

Spika zilikuwa kimya kiasi cha mtu kuvuta kiti na kukaa. Namba ilitoweka. Iliporudi sikuitazama.

"Basi," ilisema sauti ya mtu tuliyemzika miaka minane iliyopita. "Kama haiwi taabu. Kidogo tu."

Nilimsikia daktari akiegemea ukuta. Alivua kofia, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama leso.

"Pengine ni hitilafu," alisema. "Mwulize tena."

"Nimeshamwuliza mara tatu, daktari."

Chini ya jina lile palikuwa na majina mia mbili na kumi na nane, na spika zilikuwa bado wazi. Mzee Shaame, akidhani labda hatukumsikia, akarudia kwa upole:

"Kidogo tu."